Gari la Wazee: Historia Fupi ya Mitumba Yenye Magurudumu

Mwaka jana watoto wanne wa mwalimu mstaafu tulibishana miezi mitatu kwenye kundi letu la WhatsApp kuhusu jambo moja tu: wazee tuwanunulie gari gani.

Kaka yetu mkubwa, aliyeko Dodoma, alitaka Prado. "Wazee wapate gari la heshima," aliandika, akaambatanisha picha tatu. Dada, ambaye ni muuguzi Arusha, alitaka gari lolote ambalo Mama ataweza kulipanda bila kushikwa makwapa. Mdogo wetu wa mwisho, mwenye hela kidogo kuliko wote na maoni mengi kuliko wote, alisimama na Noah, ili tukienda nyumbani sikukuu tutoshe sote. Mimi sikuwa na upande. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na nikikwama huwa nafanya kitu kimoja: naanza kuuliza watu na kusoma. Nilikuwa natafuta gari, nikajikuta natafuta ni kwa nini magari yaliyojaa barabarani kwetu ni haya na si mengine.

Niseme kwanza kwa nini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Wazazi wetu wanaishi juu milimani, Lushoto. Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu, unapanda kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona, bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine. Kutoka lami mpaka nyumbani kuna barabara ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Mama ana miaka 69 na nyonga yake ya kulia imechakaa. Kila mwezi anatakiwa kliniki Tanga mjini. Yaani bodaboda mpaka lami, Coaster mpaka Mombo, basi mpaka Tanga, na kurudi hivyo hivyo. Masika yaliyopita Coaster iliwaharibikia karibu na Soni jioni. Mama alikaa juu ya mfuko wa mahindi wa abiria mwenzake mpaka saa nne usiku. Hakutuambia. Tuliambiwa na jirani, wiki mbili baadaye. Tulipompigia, alisema tu, "Mngefanyaje mkiwa huko?"

Hapo ndipo ubishi wa magari ulipoanza.

Baba hakuwa kwenye kundi. Anatumia kitochi na hana mpango wa kubadilisha. Nilimpigia nikamweleza: kaka anasema Prado, mdogo wangu anasema Noah, wewe unasemaje? Alinyamaza kidogo kama anavyonyamaza mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na saba. Kisha akasema: "Gari si injini. Gari ni spea."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Kumbe alikuwa amenipa muhtasari wa historia nzima.

*

Baba alizaliwa mwaka 1950. Magari ya kwanza aliyoyajua yalikuwa mawili: Land Rover ya serikali na Peugeot ya mfanyabiashara. Land Rover ilikuwa sura ya mamlaka. Alikuja nayo bwana shamba, alikuja nayo mkuu wa wilaya, na baada ya uhuru walikuja nayo watu wa chama. Peugeot, au Pijo kama tulivyozoea kuitamka, ilikuwa sura ya safari. Kenya hata teksi za masafa marefu ziliitwa hivyo hivyo, mapijo, kwa sababu ndizo zilizobeba watu kutoka Nairobi kwenda miji ya bonde la ufa.

Sifa ya Pijo haikuletwa na matangazo peke yake. Kulikuwa na Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zile zile tulizotumia kwenda sokoni. Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Baba anakumbuka akiwa kijana walisimama ukingoni milimani kwetu kusubiri magari yapite, wakapata sekunde chache za mlio na nusu saa ya vumbi. Mtu aliyeona gari likipita kwa kasi ile kwenye njia ambayo yeye hupita na punda hahitaji kusomewa gazeti.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi katika mashindano hayo ni cha mwaka 1965. Mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia, wao wakalinunua likiwa la mkono wa pili. Joginder alikulia kwenye gereji ya baba yake. Alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa mashindano. Wazungu walikuja na magari mapya kutoka viwandani, na aliyewashinda ni fundi wa Nairobi mwenye gari lililotumika, ambaye alijua kila nati iliyokuwa chini yake.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi mwaka huu, kwa sababu kinapingana na kitu tunachokiamini bila kukisema: kwamba gari lililotumika ni la mtu aliyekosa jipya.

*

Sasa twende miaka ya 1970, ambako maneno ya Baba kuhusu spea yanatoka.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, gari binafsi likawa kitu cha kutiliwa shaka. Afrika Mashariki ilikwishapata neno "wabenzi" kwa ajili ya wakubwa wenye Mercedes, na neno lile halikuwa sifa. Uagizaji wa magari uliwekwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Hukununua gari, uliomba gari. Ulihitaji kibali, na nyuma ya kibali ulihitaji fedha za kigeni ambazo nchi ilikuwa nazo chache na zikizidi kupungua. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979, na katikati yake tukaingia vita na Idi Amin. Ilifika mahali serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta.

Kuna tarehe moja katika kipindi hicho ambayo vitabu vya historia huiweka kwenye sura ya siasa, lakini mafundi wa zamani wa Tanga huiweka kwenye sura ya gereji: Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakufa, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Fikiria jiografia ya kwetu. Kampuni nyingi zilizohudumia eneo zima zilikuwa na makao yao Nairobi, na kutoka Tanga, Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Kwa miaka karibu saba mlango ule ulikuwa na kufuli. Fundi mmoja mzee wa Tanga, ambaye sasa anauza vioo vya magari tu, aliniambia kwamba kipindi kile walikuwa wanakata bushi kwenye matairi chakavu na kuchonga gasketi kwenye ngozi. Alinionyesha kwa mikono jinsi walivyokata, kama anashika kisu.

Baba alianza kufundisha mwaka ule ule wa 1977, wakati wa UPE, serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani. Anasimulia kuhusu Land Rover ya ofisi moja ya serikali, sitaitaja, iliyokuwa inasambaza vitabu na mishahara mashuleni. Ilikufa kifaa kidogo kwenye breki. Kifaa kinachoenea kwenye kiganja. Land Rover ikawekwa juu ya mawe, na walimu wakawa wanashuka kwa miguu kufuata mishahara. Injini ilikuwa nzima. Bodi ilikuwa nzima. Ilikaa pale mpaka kuku wakataga chini ya kiti cha dereva.

"Ile gari," Baba aliniambia, "Wazungu waliisifu kwamba haifi. Na kweli haikufa. Ilikosa tu cha kuivusha."

Ukisoma riwaya zetu za upelelezi za kipindi kile, utapata hamu ya magari iliyojificha ndani yake. Sikumbuki Willy Gamba wa Musiba au Joram Kiango wa Mtobwa akipanga foleni ya basi. Nilipokuwa kijana nilidhani ni mbwembwe za waandishi. Leo nafikiri msomaji wa wakati ule, aliyekuwa anapanga foleni ya sukari na ya sabuni, alifurahi kuona angalau mtu mmoja katika Tanzania anageuza ufunguo na gari linawaka.

*

Mlango ulianza kufunguka kwenye bajeti ya mwaka 1984. Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana fedha hizo zilipatikanaje. Mwaka mmoja tu kabla yake kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa bidhaa usiku kwa hofu. Ghafla bidhaa zikarudi madukani, na pamoja nazo pikapu. Baadhi ya pikapu hizo ziliwekewa mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, zikaitwa chai maharage, zikabeba wakazi wa Dar es Salaam. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 mlango ukapanuka zaidi, na yeye akapewa jina la Mzee Ruksa.

Magari yaliyoingia kwa wingi kupitia mlango huo, hasa miaka ya 1990 na kuendelea, yalitoka Japan, na mengi yalikuwa yametumika. Kwa nini Japan?

Sababu ya kwanza ni ya kikoloni. Mwingereza alituachia kuendesha upande wa kushoto, usukani ukiwa kulia. Nchi zenye viwanda vikubwa vya magari zinazoendesha hivyo ni chache, na Japan ni mojawapo. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, ndiyo maana ukivuka Rusumo unabadilisha upande.

Sababu ya pili iko ndani ya sheria za Japan yenyewe. Kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, wenye mizizi katika sheria ya mwaka 1951. Gari dogo jipya linakaguliwa likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi wenyewe, pamoja na kodi na bima zinazoendana nao na matengenezo ya kupita mtihani, unagharimu fedha za kutosha. Kwa hiyo Mjapani mwenye gari la miaka saba au tisa anajiuliza: nilipie tena, au niuze? Wengi huuza. Hakuna kitu kikubwa kilichoharibika. Gari limefika tu tarehe yake.

Piga hesabu mwenyewe uone jinsi sheria ya nchi moja inavyopanga maegesho ya nchi nyingine. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gari lililouzwa Japan likiwa na miaka saba linawahi Mombasa. Lile la miaka tisa au kumi na moja limekwishachelewa, lakini Dar es Salaam linapokelewa, ila unalilipia ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Uganda nao mwaka 2018 waliweka kikomo chao cha miaka kumi na mitano.

Kwa hiyo tuseme ukweli. Tunapodhani tumechagua gari, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwishafanywa na mtu wa Nagoya aliyekwepa ukaguzi, na mtunga sheria wa Nairobi, na Mwingereza aliyekufa zamani. Kilichobaki kwetu ni swali la mwisho, na hilo analijibu fundi.

*

Jumamosi moja nilikaa gereji moja ya Tabata tangu asubuhi mpaka jioni nikimsumbua fundi ambaye amekuwa akinitengenezea kigari changu miaka sita. Nilimwekea orodha ya nduguzangu mezani.

Prado akaicheka kwa heshima. Gari zuri, akasema, lakini mwalimu mstaafu atalilisha nini? Na kuna ushuru: forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, halafu ushuru wa bidhaa unaopanda injini ikizidi cc 2000. Noah hakuikataa, ila akauliza injini gani. Baadhi ya Noah na RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuja na injini za D-4, ambazo hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Kwa mafuta safi ya Japan ni injini nzuri na haba kwa mafuta. Kwa mafuta ya vijijini kwetu, pampu yake na nozeli zake huwa na madeko. "D4 mpelekee mtu unayemdai," alisema.

Kisha akaandika kwenye kipande cha boksi: 1NZ.

Hiyo ni injini ya cc 1500. Iko kwenye Probox, kwenye baadhi ya IST, kwenye Spacio ya cc 1500, kwenye Raum ya pili na kwenye magari mengine kadhaa. Haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, ina cheni. Kwa sababu imo kwenye magari mengi kiasi hicho, spea zake ziko kila mahali, mpya na za kuchinja, na kijana yeyote aliyemaliza miaka miwili chini ya fundi ameshaifungua. Hakuna mkutano ulioitishwa kuichagua. Mafundi elfu waliichagua, mmoja mmoja, kwa kuifungua na kuifunga na kuona mteja harudi kulalamika.

Nikamkumbuka Joginder na gereji ya baba yake. Nikaikumbuka na Land Rover ya kuku.

*

Fundi alikuwa amejibu swali la Baba. La Mama lilikuwa bado.

Bahati nzuri Mama alikuja Dar kwenye harusi ya binti wa shangazi yetu, Baba akamsindikiza. Jumatatu yake niliwachukua nikawazungusha kwenye yadi za magari. Wenye yadi walinifuata mimi: "Karibu bosi, hii imeingia juzi." Nikawaambia mnunuzi ni huyu mama, mpeni nafasi akae.

Prado ilimshinda mlangoni. Aliweka mguu wa kushoto juu, akashika mpini, nyonga ikagoma. Alishuka akatabasamu akasema, "Hili la mkuu wa wilaya." IST alikaa vizuri, lakini kutoka ikawa kazi. Kiti kiko chini, inabidi ujiinue kwa magoti, na magoti hayo ndiyo tatizo lenyewe. RAV4 ya zamani alipanda kwa kusaidiwa. Sura yake tuliiona, hatukuhitaji kumwuliza.

Raum hatukuwa tumeipanga. Ilikuwa pembeni, rangi ya fedha, namba D, mtu kaileta yadi wamuuzie. Kwetu ni gari linalotaniwa, linaitwa la akina mama wa kupeleka watoto shule. Muuzaji alifungua milango ya upande wa kushoto na mimi nikabaki nimeduwaa. Mlango wa mbele ulifunguka wazi kabisa, wa nyuma ukateleza, na katikati yake hakukuwa na nguzo. Nguzo imefichwa ndani ya milango. Ubavu mzima wa gari ulikuwa wazi kama mlango wa duka. Sakafu iko chini na ni bapa, kiti kiko kwenye kimo cha kiti cha mezani. Mama aligeuka, akakaa kwanza, kisha akaingiza miguu. Hakuna aliyemshika.

"Hapa sawa," alisema.

Nilipotafuta baadaye nikaelewa. Raum ya pili, iliyotoka mwaka 2003, ilisanifiwa hasa ili iwe rahisi kwa kila mtu kuingia na kutoka, wazee wakiwemo. Japan ni nchi yenye wazee wengi, na watu wa Toyota walikuwa wanawafikiria wazazi wao. Upande usio na nguzo ni wa kushoto kwa sababu kwao, kama kwetu, kushoto ndiko iliko kando ya barabara. Kwa hiyo mzee anashukia kwenye ukingo, si katikati ya magari. Kitu kilichofikiriwa kwa ajili ya mama wa mtu wa Nagoya kilimfaa mama wa Lushoto, na hakikuhitaji kubadilishwa hata upande.

Baba muda wote alikuwa kimya. Aliomba boneti ifunguliwe, akainama, mikono nyuma. "Spea zake?"

"1NZ hiyo, mzee," muuzaji akajibu. "Hata Mombo zipo."

Baba akatikisa kichwa kidogo. Ilitosha.

*

Hatukulinunua siku ile. Nililipeleka kwa fundi. Nilimwomba mwenye gari asiliwashe asubuhi mpaka tufike, kwa sababu gari lililokwisha kupashwa moto linaficha mengi. Tuliangalia moshi wa mwanzo, tukanusa mafuta ya gia boksi, tukalilaza fundi chini kuona bushi na shokapu. Tulilinganisha namba ya chasisi na kadi, tukaangalia kama linadaiwa faini za trafiki. Shokapu mbili zilikuwa zimekwisha na rejeta ilikuwa imeshawahi kuzibwa. Mwenyewe akapunguza bei. Tukalichukua kwa shilingi milioni 11, sote wanne tukichanga, na kaka wa Prado ndiye aliyetoa nyingi kuliko wote. Hilo liandikwe.

Sitaki nidanganye kwamba ni gari kamili. Liko chini. Fundi aliliinua kidogo kwa kuweka spesa kwenye springi, lakini masika yakichachamaa halifiki nyumbani. Baba huliacha dukani kwa jirani karibu na lami, na ile nusu kilomita ya mwisho Mama huimaliza taratibu na fimbo yake. Prado ingefika. Kaka hukumbusha jambo hilo kila mvua ikinyesha, na ana haki. Pia tulimfundisha Baba upya kuteremka: gari la otomatiki kwenye kona za kwenda Mombo usilitegemeze kwenye breki peke yake, liweke gia ndogo likajizuie lenyewe. Alikasirika kidogo kufundishwa na watoto. Siku hizi anamfundisha mpwa wetu kama vile yeye ndiye aliyelivumbua.

Mwezi uliopita nilipanda nao kwenda kliniki Tanga. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala bondeni. Pale Soni Baba alipunguza mwendo, akanyoosha kidole ukingoni. Nilidhani ananionyesha mahali Coaster ilipoharibika. "Hapa," akasema, "ndipo tuliposimama kuangalia Safari." Mama alikuwa kiti cha mbele, mkono kwenye dirisha. Akasema yeye siku ile aliangalia pia, upande ule mwingine, na alikula vumbi lile lile.

Hilo mimi sikuwa nalijua. Na kwa jinsi Baba alivyogeuka kumtazama, nadhani hata yeye hakulijua.